Maisha ya Bettino Ricasoli, Mwenye Shamba la Brolio

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, tumeona vema tuziweke kando kwa kurasa chache hesabu za magunia na majina ya viongozi, tusimulie maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani katika nchi ya mbali. Huenda baadhi ya ndugu zetu wa Mbulu na Hanang wakashangaa. Sisi ni watu wa ngano na mahindi, maharage, mbaazi na vitunguu saumu. Naye alikuwa mtu wa divai nyekundu. Tena wako wengi miongoni mwetu ambao dini zao haziwaruhusu kuonja kileo, na wengine wamejionea kwa macho yao nyumba zilizobomolewa na ulevi. Basi na ifahamike tangu mwanzo kwamba hatumsimulii mtu huyu ili tukisifu kileo. Tunamsimulia kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa jibu la swali ambalo kila mkulima hujiuliza siku ya mavuno: je, niuze leo, au ningoje?

Bettino Ricasoli alizaliwa katika mji wa Firenze, nchini Toscana, tarehe 9 Machi 1809. Zamani hizo Italia haikuwa dola moja kama ijulikanavyo leo. Ilikuwa vipande vipande, kila kipande na mwenyewe, na kwa sehemu kubwa ya ujana wa Ricasoli nchi ya Toscana ilikuwa chini ya mwana wa kifalme aliyeitwa Mtawala Mkuu. Ukoo wa Ricasoli ulikuwa ukoo wa makabaila wa kale. Ngome yao ya Brolio, katika vilima vya Chianti karibu na mji wa Siena, ilikuwa mikononi mwao tangu mwaka 1141. Vilima hivyo vilikuwa na sifa ya divai tangu zamani, hata mwaka 1716 Mtawala Mkuu Cosimo wa Tatu alitoa amri ya kuweka mipaka ya nchi ya Chianti, ili divai ya mahali pengine isiuzwe kwa jina hilo. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa na jina kubwa, ngome kubwa na ardhi kubwa.

Lakini jina halilipi deni. Baba yake, Baroni Luigi, alifariki mwaka 1816, mtoto akiwa bado na umri wa miaka saba. Alipofikia miaka 18 akawa yatima kabisa, na mali aliyoachiwa ilikuwa imewekwa rehani na kulemewa na madeni kila upande. Sheria ya nchi haikumruhusu kijana wa umri ule kusimamia mali. Ikabidi Mtawala Mkuu atoe amri maalumu ya kumhesabu kuwa mtu mzima, akabidhiwe urithi pamoja na ulezi wa wadogo zake. Aliyewahi kurithi deni anajua kwamba deni halina msiba: baba huzikwa, lenyewe halizikwi. Kijana Ricasoli akaacha masomo, akafungua madaftari ya hesabu, akaanza kusoma kilichoandikwa humo.

Mwaka 1830 alimwoa Anna Bonaccorsi, wakajaliwa binti mmoja, Elisabetta. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1830 akaihamisha familia yake kutoka Firenze, mji wa karamu na muziki, akaipeleka Brolio, mahali pa upepo na ukimya. Watu husimulia kwamba usiku mmoja, katika karamu ya dansi, alimwona kijana fulani akimzungukazunguka mkewe. Akamwambia Anna watoke, akaita gari la farasi, na farasi hawakusimama hata wakafika Brolio alfajiri. Huenda ni kweli, huenda ni masimulizi tu ya jioni. Lakini hata kama dansi ile haikuwako, madaftari ya deni yalikuwako, nayo yalitosha kumhamisha mtu mjini. Shamba lenye deni haliponi mwenyewe akiwa mbali.

Hapa yafaa tueleze shamba lile lilivyokuwa. Ardhi ya Toscana ililimwa kwa utaratibu wa nusu kwa nusu. Mwenye ardhi alitoa shamba na nyumba. Jamaa ya mkulima ilitoa mikono yake yote, ya wazee na ya watoto. Na mavuno yakagawanywa mafungu mawili yaliyo sawa. Mkulima aliyepungukiwa chakula kabla ya mavuno alikopeshwa na mwenye ardhi, na mkopo ukaandikwa katika kitabu. Katika sehemu nyingi mizabibu ilipandwa pamoja na mazao mengine, ikipanda juu ya miti, na nafaka ikiota katikati ya mistari, kama vile sisi tunavyochanganya mbaazi na mahindi katika shamba moja. Mkulima alitafuta wingi wa zabibu kuliko ubora wake, kwa kuwa nusu ya wingi ndiyo iliyomlisha.

Divai iliyotoka humo iliuzwa upesi, aghalabu kabla ya mwaka kwisha. Ilitiwa katika chupa za tumbo pana zilizosukiwa majani makavu, na juu yake kukamiminwa mafuta kidogo ya zeituni ili hewa isiingie. Ilinyweka vizuri nyumbani, lakini ikisafirishwa mbali iliharibika njiani. Mnunuzi alijua hivyo, na mwuzaji naye alijua kwamba mnunuzi anajua. Kwa hiyo bei ilikuwa ya mnunuzi. Nani kati yetu asiyeifahamu biashara ya namna hiyo?

Ricasoli aliona kwamba deni la Brolio halitalipwa kwa divai ya haraka. Alitaka divai iwezayo kungoja. Nayo divai ya kungoja haipatikani kwa kuifungia tu ghalani. Yapasa ndugu msomaji aelewe inavyotokea, maana katika jambo hili ndimo ulimo moyo wa habari yetu.

Zabibu zikisha kusagwa, hamira huanza kuila sukari iliyo katika maji yake na kuigeuza kileo. Rangi nyekundu hutoka katika maganda. Na pamoja na rangi hutoka ule ukakasi unaokausha ulimi, kama wa ndizi mbichi. Divai changa yenye ukakasi mwingi ni ngumu kunywa. Lakini ikiwekwa katika pipa la mti, mahali penye giza na ubaridi usiobadilika, hewa kidogo sana hupenya katika mbao, na polepole ukakasi hushikana, sehemu yake hutuama chini pamoja na mashapo, na harufu mpya huzaliwa ambazo hazikuwamo mwanzo. Hewa ikizidi, divai hugeuka siki. Pipa likiwa chafu, divai hushika uchafu wake. Na zabibu zikiwa zilichumwa mbichi, au zilizooza zikachanganywa na nzima, hakuna miaka itakayoziponya. Wakati utaongeza tu ubaya uliokuwamo. Wazee wetu waliotengeneza pombe ya asali kwa ajili ya sherehe na mabaraza walilijua jambo hili bila kulisoma: chombo kichafu humwaibisha mwenye asali safi.

Kwa hiyo Ricasoli alianzia shambani. Alisoma vitabu vya kilimo, akaingia katika Chuo cha Georgofili cha Firenze, ambacho ni baraza la kale la wataalamu wa kilimo, akasafiri hadi Ufaransa kutazama jinsi wenzake walivyopanda, walivyokamua na walivyohifadhi. Alijaribu aina mbalimbali za mizabibu, ya kwao na ya kigeni. Aliandika kanuni za kilimo kwa ajili ya Brolio, akataka zifuatwe. Siku za Jumapili aliwakusanya wakulima wake akawafundisha mwenyewe mambo ya dini na ya mwenendo. Alikuwa mtu mkavu, mwenye neno moja, asiyecheka ovyo na asiyesamehe uzembe, wala hakujipendelea yeye mwenyewe katika ukali huo. Ndiyo sababu watu walimpa jina la Baroni wa Chuma.

Mapema katika miaka ya 1850 janga likaingia katika mizabibu ya Italia. Lilikuwa ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, unaofunika majani na vichala; zabibu hupasuka kabla ya kuiva, na mavuno hupotea. Sisi tunaufahamu ugonjwa wa jamaa hiyo katika korosho za ndugu zetu wa Mtwara na Lindi, wanaouita ubwiri unga. Na dawa iliyowaokoa wakulima wa mizabibu wakati ule ndiyo hiyo hiyo inayopulizwa kwenye mikorosho hadi leo, yaani salfa. Lakini kabla wakulima wengi hawajaizoea dawa hiyo, ilipita misimu ya mapipa matupu. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1852, Ricasoli alifiwa na mkewe Anna.

Hakuketi akaomboleza mikono mitupu. Katikati ya miaka ya 1850 alinunua ardhi katika Maremma, nchi ya mabwawa karibu na bahari, iliyojaa malaria, akajaribu huko kilimo kipya cha nafaka kwa mashine. Nasi wa Hanang tunazijua habari za mashine na ardhi kubwa. Tunakumbuka mashamba ya ngano ya Basotu, yaliyoendeshwa na shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970. Tunakumbuka ngano nyingi iliyotoka huko, na tunakumbuka pia kilio cha wafugaji wa Kibarabaig waliopoteza malisho yao. Shamba kubwa lina faida zake, lakini yafaa kuuliza kila mara ni nani aliyesogezwa ili lipate nafasi.

Mtu aliyejifunza kusimamia shamba lenye deni hutafutwa kusimamia nchi. Mwaka 1847 Ricasoli alishiriki kuanzisha gazeti lililoitwa La Patria, akampelekea Mtawala Mkuu andiko la kueleza maradhi ya nchi na tiba zake. Mwaka 1848 alichaguliwa kuwa mkuu wa mji wa Firenze, lakini alipoona Mtawala Mkuu anarudi nyuma katika ahadi za uhuru, alijiuzulu akarudi Brolio. Kisha mwezi wa Aprili 1859 watu wa Firenze wakainuka, Mtawala Mkuu akaondoka, na Ricasoli akashika uwaziri wa mambo ya ndani wa Toscana. Wako waliotaka Toscana ibaki nchi ndogo yenye bendera yake. Wako waliotaka mtawala arudishwe. Ricasoli alishikilia jambo moja, kwamba Toscana iungane na ufalme wa kaskazini ili Italia iwe nchi moja. Mwezi wa Machi 1860 wananchi walipiga kura, na muungano ukapita.

Mwaka 1861 waziri mkuu wa kwanza wa Italia, Cavour, alifariki ghafula mwezi Juni, na Ricasoli akaitwa kushika mahali pake. Alikubali askari wa kujitolea wa Garibaldi waingizwe katika jeshi la taifa, na alijaribu kupatana na Papa. Lakini fitina za mabaraza hazikuwa kazi yake, na mwezi Machi 1862 akaacha madaraka. Aliitwa tena mwaka 1866, wakati wa vita na Austria. Mfalme Napoleon wa Tatu wa Ufaransa alitaka kuipa Italia jimbo la Venezia, kwa sharti kwamba Italia iwaache washirika wake wa Prussia. Ricasoli alikataa, kwa kuwa alikuwa ametoa neno lake. Venezia ilikuja baadaye katika mwaka huo huo, vita vilipokwisha, pasipo neno kuvunjwa. Mwezi wa Aprili 1867 alijiuzulu, na tangu hapo siasa hazikumwona tena kwa kiasi kikubwa.

Viongozi wa vyama vyetu wangefanya vema kuyaangalia madaraka yake. Aliingia mara mbili katika kiti kikubwa kuliko vyote baada ya kile cha mfalme, na mara zote mbili alitoka mikono yake ikiwa safi, akarudi kwenye mizabibu yake.

Mizabibu ile ilikuwa imemngoja. Mwaka 1872, akiwa na umri wa miaka 63, alimwandikia barua Profesa Cesare Studiati wa Chuo Kikuu cha Pisa, kumweleza alichokipata baada ya majaribio ya zaidi ya miaka 30. Yaliyomo katika barua ile yanaweza kuelezwa kwa maneno machache. Msingi wa divai ya Chianti ni zabibu nyekundu iliyoitwa Sangioveto, ambayo siku hizi huitwa Sangiovese. Hiyo ndiyo inayotoa harufu na nguvu. Ya pili ni Canaiolo, nyekundu pia, inayotuliza ugumu wa ile ya kwanza bila kuiondolea harufu. Ya tatu ni Malvasia, zabibu nyeupe, inayoifanya divai iwe nyepesi na ifae kunywewa upesi mezani kila siku. Lakini katika divai iliyokusudiwa kuwekwa miaka mingi, Malvasia afadhali iachwe.

Barua hiyo ndogo ikawa kama katiba ya divai ya Chianti. Hata hivyo wengi walishika nusu yake wakaacha nusu. Zabibu nyeupe huzaa sana na ni rahisi, basi wafanyabiashara waliizidisha kwa ajili ya wingi, na katika kanuni zilizotolewa na serikali ya Italia mwaka 1967 kuchanganya zabibu nyeupe lilikuwa ni sharti. Divai ikawa nyingi na nyepesi, na sifa ya jina ikashuka. Ilichukua muda mrefu kurudi kwenye maneno ya mzee yule: kuanzia mavuno ya mwaka 2006, divai ya Chianti Classico, yaani ile ya vilima vya kale vya Chianti, hairuhusiwi tena kuwa na zabibu nyeupe. Na ile iitwayo Riserva haitoki ghalani kabla ya miezi 24. Jina jema lililojengwa kwa miaka 30 lilipunguzwa thamani kwa debe la ziada. Nasi tunaopeleka mbaazi na maharage sokoni tunajua jambo hilo: gunia moja lenye mchanga huwashushia bei wenye magunia mia yaliyo safi, kwa kuwa mnunuzi hapangi bei kwa jina la mkulima, hupanga kwa jina la mahali.

Bettino Ricasoli alifariki Brolio tarehe 23 Oktoba 1880. Watu wa huko husimulia kwamba usiku wa mbalamwezi kivuli chake hupita kati ya mizabibu juu ya farasi, kukagua kazi. Hatuna haja ya kuyaamini hayo. Lakini ni masimulizi yanayofanana naye.

Hatutakuwa wakweli tukimaliza habari yake hapa kwa sifa peke yake. Ricasoli aliweza kungoja kwa sababu alikuwa na ghala, mapipa, ardhi ya kuweka rehani, na nyumba ambayo haikulala njaa wakati divai ikilala. Mkulima wake wa nusu kwa nusu hakuwa na hayo. Nusu yake ilikuwa ya chakula cha mwaka ule ule na ya kupunguza deni lililoandikwa kitabuni. Divai ikiongezeka thamani ndani ya pipa, ilikuwa ikiongezeka ndani ya ghala la baroni. Mkono uliochuma zabibu na mkono uliofungua pipa baada ya miaka haikuwa mikono ya mtu mmoja. Kungoja ni mali kama zilivyo ng'ombe na ardhi, nayo wakati ule ilikuwa na mwenyewe mmoja.

Utaratibu wa nusu kwa nusu ulidumu muda mrefu baada yake. Sheria ya mwaka 1964 ilikataza mikataba mipya ya namna hiyo nchini Italia, na sheria ya mwaka 1982 ikaweka njia ya kuigeuza iliyobaki kuwa ya kukodi ardhi. Katika miaka hiyo ya mabadiliko, yaani mwaka 1961, wakulima wachache wa upande ule ule wa Gaiole in Chianti, ambako ndiko iliko Brolio, waliunganisha zabibu zao wakaanzisha ushirika ulioitwa Chianti Geografico. Hapo mkulima mdogo alipata kwa mara ya kwanza pipa lake la kungojea. Ushirika huo uliishi zaidi ya miaka 50, kisha mali yake na jina lake vikapita mikononi mwa kampuni binafsi. Hata nyumba ya Brolio yenyewe ilionja jambo hilo: biashara ya divai yake ilipita mikononi mwa wageni tangu mwaka 1971, mpaka mjukuu wa ukoo, Francesco Ricasoli, alipoirudisha mwaka 1993. Leo shamba lile lina hekta zipatazo 1,200, na divai nyekundu yake bado huwekwa miaka kabla ya kuuzwa. Kinachojengwa kwa subira hupotezwa na mapatano ya siku moja. Na kukirudisha ni kazi ya kizazi kizima.

Habari hizi hazitoki mbali sana na kwetu kama zinavyoonekana. Kutoka Babati kupita Kondoa mtu hufika Dodoma, ambako mizabibu ililetwa mwaka 1957 na wamisionari wa Kiitalia huko Bihawana. Leo mizabibu inalimwa Hombolo, Makutupora, Chinangali na kwingineko, nayo kwa sababu ya jua la huko huzaa mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa Dodoma ana shida ambayo Ricasoli angeitambua mara moja: zabibu iliyochumwa haingoji. Kumekuwa na misimu ambayo viwanda havikununua zote, na wakulima wakauza kwa bei ya kutupa au wakaziacha zikaharibika, kwa kuwa hawakuwa na mahali pa kukamua na kuhifadhi. Wenye mapipa waliweza kungoja. Wenye vikapu hawakuweza.

Na sisi je? Ndugu wanachama hawajasahau mwaka 2017, India ilipoweka mipaka ya mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei katika mkoa wetu ikaanguka hata mkulima akaona afadhali asivune. Wako waliouza siku ile ile kwa sababu ya ada ya shule na deni la duka. Wako walioweka. Hatusemi kwamba kila aliyeweka alipata, maana mahindi na mbaazi si divai. Hazizidi kuwa nzuri zikizeeka, na dumuzi hasubiri soko lipande. Hata divai, tumekwisha kuona, hungoja vema ikiwa tu ilianza vema. Kwa hiyo kwa mkulima wa nafaka na mikunde kungoja kuna masharti: zao lililokauka sawasawa, lililopepetwa, ghala lisilovuja, mizani isiyodanganya, na fedha kidogo za kumvusha mwenye zao mpaka siku ya mauzo.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililomshinda mkulima wa nusu kwa nusu, na ndilo ambalo chama cha ushirika kinaweza kulitimiza. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 imempa mkulima njia ya kuweka zao lake ghalani, akapewa hati, na hati ile ikaweza kuwa dhamana ya mkopo. Katika karatasi ile mna kile alichokuwa nacho baroni peke yake: uwezo wa kusema bado. Lakini karatasi hiyo ina thamani sawasawa na uaminifu wa mwenye funguo za ghala. Karani akiandika gunia lisilokuwapo, au akichelewesha malipo bila sababu, mwanachama atarudi kwa mnunuzi wa barabarani mwenye fedha taslimu, wala hatuna haki ya kumlaumu.

Tena tusisahau kwamba vyama vikuu vya nchi hii viliwahi kufutwa vyote mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Na wanaokumbuka wanajua kwamba si rahisi kurudisha imani kama ilivyo rahisi kurudisha usajili. Miaka kumi ya Chama chetu Kikuu ni umri wa kuanza. Ricasoli alipotimiza miaka kumi Brolio alikuwa bado anajaribu mizabibu, na barua yake kwa Profesa Studiati ilikuwa mbali zaidi ya miaka ishirini mbele yake.

Basi, ndugu zetu wa Dongobesh na Haydom, wa Katesh, Basotu na Balangdalalu, tunawaombea mavuno mema. Tunaomba pia kila chama cha msingi kiyatazame maghala yake kabla ya msimu kuingia: paa, sakafu, mizani, na daftari. Na msimu ukifika, kila mwanachama alete zao lililochaguliwa, kama zabibu za kuwekwa miaka, na kila mwenye ufunguo aweze kufungua mlango mchana, mbele ya watu wote.